Taa, ladu na mvua ya Novemba: maswali yenu kuhusu Diwali

Barua nyingi za safari hii zinaulizia jambo moja. Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, mwaka 2026 inaangukia Jumapili, tarehe 8 Novemba, na wanaotuandikia si Wahindu peke yao. Wapo wapishi, wahasibu, majirani, hata mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Tumeanza na swali lililokuja mara nyingi kuliko mengine.

Taa zangu za udongo zinatoa moshi, zinachafua ukuta wa veranda, na nusu yake huzima kabla wageni hawajafika. Mafuta nanunua mazuri. Kosa liko wapi?
*Mama wa nyumbani, Ntinda*

Mama, mafuta yako hayana kosa. Angalia udongo na utambi.

Taa mpya ya udongo hunywa. Ukiitia mafuta ikiwa kavu kama ilivyotoka sokoni, ndani ya nusu saa sehemu kubwa imeingia kwenye udongo, utambi unabaki na njaa na moto unakufa. Ziloweke zote kwenye beseni la maji usiku kucha, asubuhi zianike kivulini mpaka uso ukauke na kidole kisilowe. Usizitie mafuta zikiwa bado zinatoa maji, maana tone moja la maji chini ya mafuta ya moto huruka na kurusha cheche.

Utambi uwe wa pamba halisi, ile ya famasi. Vipamba vya kufutia vipodozi vingine vimechanganywa na nyuzi za plastiki. Choma kipande ujue: pamba halisi huacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua, ya plastiki hujikunja ikawa shanga nyeusi ngumu. Sokota kipande cha sentimita 8 kwa viganja vikavu hadi kiwe na unene wa njiti mbili za kiberiti, kisha kiloweke kwenye mafuta robo saa kabla ya kuwasha. Kichwa kitokeze kwenye mdomo wa taa milimita 4 au 5, basi. Kikifika sentimita moja, utambi unavuta mafuta mengi kuliko moto unavyoweza kuyamaliza, na hayo yasiyoungua ndiyo masizi ya ukutani kwako. Kichwa kikizama, moto unazima. Kwa hiyo pita kila baada ya saa moja na kijiti, usogeze utambi mbele kidogo na kukung'uta kaa lililoganda nchani.

Taa ndogo ya upana wa sentimita 6 au 7 huchukua kijiko kikubwa kimoja na nusu, yaani kama mililita 20, na huwaka karibu saa tatu. Taa 21 zinahitaji chini kidogo ya nusu lita. Mafuta ya simsim (ufuta) ndiyo tunayoyapendekeza: huwaka taratibu, ndiyo yaliyozoeleka kwa taa huko India tangu zamani, na hapa Uganda simsim inalimwa Lira na Gulu, hakuna haja ya kungoja chupa iliyovuka bahari. Mafuta ya kupikia ya mawese nayo yanafaa, ila kwenye baridi ya Kabale huganda pembeni mwa taa. Samli iwekee taa ya ibada. Mafuta ya taa, kamwe! Kwenye chombo kilicho wazi mvuke wake hushika moto, na udongo uliokwisha kuyanywa huwaka wote.

Jambo la mwisho halimo kwenye maelekezo yanayotoka India. Novemba ni msimu wa nsenene, panzi wanaoliwa, na Waganda wameuita mwezi wenyewe Musenene. Ukiwasha balbu kubwa ya veranda, nsenene, kumbikumbi na wadudu wengine huifuata, hugonga ukuta na kuangukia kwenye mafuta. Kwa nyumba inayojali kutoua kiumbe, hilo linaharibu usiku mzima. Zima balbu, acha taa za udongo peke yake kwa sababu mwanga wake ni hafifu, na zile zilizo nje zifunike kwa glasi ya kimo cha kutosha yenye upenyo wa hewa chini. Glasi hiyo hiyo inazuia upepo unaotangulia mvua. Zipange ndani ya ukingo wa veranda, juu ya sinia lenye mchanga, mbali na mapazia. Afadhali taa 11 zinazotunzwa kuliko 50 zinazoachwa zijifie.

Kwa nini Diwali inahamahama, na kwa nini kalenda iliyotoka India na ya hekalu la hapa hazikubaliani?
*Mwanafunzi, Jinja*

Diwali hufuata mwezi. Huadhimishwa jioni ya amavasya, usiku wa giza ambao mwezi hauonekani kabisa. Miezi 12 ya namna hiyo ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, ndiyo maana tarehe inarudi nyuma: 12 Novemba mwaka 2023, 31 Oktoba mwaka 2024, 20 Oktoba mwaka 2025. Baada ya miaka miwili au mitatu unaongezwa mwezi wa ziada, adhik mas, na tarehe inaruka mbele. Mwaka 2026 una mwezi huo, ndiyo sababu tumerudi Novemba.

Kutokukubaliana kunatokana na saa. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Amavasya huisha kwa wakati mmoja dunia nzima, lakini wakati huo kila mji unausoma kwa saa yake. Mwaka 2024 iliisha tarehe 1 Novemba saa 12:16 jioni kwa saa za India, karibu na machweo ya huko, na watu wakabishana sana washike jioni ipi. Kampala wakati huo ilikuwa saa 9:46 alasiri, jua bado liko juu, kwa hiyo jioni ya tarehe 1 haikuwa na amavasya hata kidogo. Ukiwa Uganda hesabu kwa machweo ya Uganda, ambayo mwanzoni mwa Novemba Kampala ni kama saa 12:35 jioni. Ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, hufanywa katika saa mbili hivi zinazofuata.

Angalia pia kwamba safari hii mwaka mpya wa Wagujarati, watu wenye asili ya Gujarat nchini India, yaani mwaka 2083 wa kalenda yao ya Vikram Samvat, haufuati kesho yake. Amavasya inaisha tarehe 9 saa 4 asubuhi, jua limekwisha kuchomoza, kwa hiyo siku hiyo inabaki tupu katikati na mwaka mpya unaanza Jumanne tarehe 10. Wanaoagiza vyakula vya wageni wasikosee hapo.

Napikia familia ya Kigujarati. Ladu za unga wa dengu, yale madonge matamu, nikizifinyanga zinalainika na kutandaa kama chapati. Nifanyeje?
*Mpishi, Kololo*

Ndugu, umetia sukari mapema. Hilo ndilo kosa la wengi.

Vipimo vya ladu 30 ni hivi: unga wa dengu gramu 500, samli gramu 250, sukari iliyosagwa gramu 300, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai. Unga ukiwa wa chenga ni bora. Ukipata laini tu, utaurekebisha, tutafika huko.

Yeyusha gramu 200 za samli kwenye sufuria nzito, mimina unga wote, koroga kwa moto mdogo dakika 25 hadi 30 bila kuondoka. Kama unatumia sigiri, funika makaa kwa majivu kabla ya kuanza, maana makaa mapya yanaunguza chini huku juu bado mbichi. Mwanzoni mchanganyiko utakuwa mkavu na mzito. Usiongeze samli kwa hofu! Ukifika dakika ya 15 hivi unga unaanza kuachia samli, unalainika wenyewe na kijiko kinakuwa chepesi mkononi. Hapo ongeza zile gramu 50 zilizobaki. Harufu ikigeuka kutoka ya kunde mbichi ikawa kama ya karanga zilizokaangwa, na rangi ikakaribia asali, umefika. Kama unga ulikuwa laini, sasa nyunyiza vijiko viwili vikubwa vya maji: utafoka, ukitulia utaona chenga ndogo ndogo zimejitengeneza. Koroga dakika mbili zaidi ili maji yaishe, kisha epua.

Hamishia kwenye sinia pana na usubiri. Sukari haiingii mpaka uweze kuzamisha kidole na kukiacha humo bila kuungua, vuguvugu tu. Ukiitia kwenye unga wa moto inayeyuka, inageuka shira, na ladu haitasimama. Sukari yetu ya Kakira au Lugazi ina punje kubwa na rangi ya kahawia hafifu. Isage kwenye blenda na kuichekecha, la sivyo mlaji atatafuna mchanga. Ladu zitakuwa na rangi iliyokoza kidogo, na hilo si kosa.

Zile zilizokwisha kutandaa zirudishe kwenye sinia, zipoze kwenye friji dakika 20 hadi 30, uzifinyange upya. Zikiendelea kulegea, kaanga gramu 50 za unga wa dengu bila samli, uache upoe, uchanganye.

Kuhusu samli: ile ya Ankole inatoka kwenye maziwa yaliyochachuka na harufu yake ni kali. Kwa taa ni safi kabisa. Kwa ladu ichemshe polepole hadi povu liishe, ichuje, uonje kwanza kwenye ladu mbili tatu. Majarini usijaribu, ina maji na ladu zitaota ukungu ndani ya siku chache. Za samli zikikaa kwenye kopo kavu lenye mfuniko hudumu wiki mbili.

Bosi anataka tufanye ibada ya vitabu vya hesabu usiku wa Diwali, lakini hesabu zetu zote ziko kwenye kompyuta. Pia amesema mwaka wa hesabu unaanza upya siku hiyo. URA, watu wa kodi, watatuelewa?
*Mhasibu, Industrial Area*

Kuna miaka ya aina mbili hapa, wa ibada na wa kodi, na kila mmoja ubaki mahali pake. Ibada yenyewe inaitwa chopda pujan. Hufunguliwa kitabu kipya chenye jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza huandikwa neno Shri kwa umbo la piramidi, moja juu, mawili chini yake, mara nyingi hadi mistari 7, na pembeni Shubh, heri, na Labh, faida. Juu yake huwekwa jani la tambuu, popoo, sarafu, maua na punje za mchele zilizopakwa kumkumu, unga mwekundu wa ibada.

Wenye kompyuta hununua kitabu kimoja hivyo hivyo na kukiweka mbele ya mashine. Kumkumu ni unga laini sana, ukiingia kwenye kibodi au kwenye tundu la feni hautoki kirahisi. Chora alama kwenye karatasi na uibandike juu ya kifuniko. Maji, mchele na taa viwe kwenye sinia la pekee, nusu mita kutoka kwenye mashine. Hifadhi nakala ya data kabla ya ibada, si baada yake.

Mwaka wa kodi wa Uganda unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na Diwali haiugusi. Usifunge vitabu kwenye programu usiku ule. Baadhi ya wafanyabiashara hupenda kuandika ankara ya kwanza ya baraka, hasa siku ya Labh Pancham, ya tano ya mwaka mpya. Iandikwe kwenye kile kitabu chekundu. Usiingize kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, mauzo ambayo hayakufanyika, kwa sababu kuyaondoa kunataka krediti noti na idhini, na utaeleza usichoweza kueleza.

Jirani yangu Mhindu amenialika. Nibebe nini? Na mlangoni kwao nimeona alama kama ya Wanazi, imenishtua.
*Jirani, Mbale*

Tuanze na alama. Ni swastika, Wagujarati huiita sathiyo, na jina lake linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya heri. Ilikuwepo milangoni maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajaiiba. Mara nyingi utaona nukta nne katikati ya mikono yake, na huchorwa kwa kumkumu au manjano. Jirani yako anakutakia heri unapovuka kizingiti.

Usibebe nyama, pombe, wala keki yenye mayai. Nyumba nyingi hazili kitunguu wala kitunguu saumu, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, hawali hata viazi na karoti kwa kuwa vinang'olewa na mizizi, wala asali. Matunda hayana mashaka: nanasi zuri au ndizi. Korosho nazo ni sawa. Zawadi ya kwetu inayopendeza ni simsim iliyogandishwa kwa sukari, kwa sababu Gujarat wana yao inayofanana nayo. Ukitaka kuwapa watoto pesa, desturi ni kiasi kisichoishia kwenye sifuri tupu: weka noti ya 10,000 na sarafu moja juu yake.

Viatu vinabaki mlangoni. Usiku wa Diwali sema "Shubh Diwali". Siku ya mwaka mpya sema "Saal Mubarak", na hilo la pili msemaji wa Kiswahili halimpi shida.

Duka ninalofanyia kazi ni la Mhindi, lakini hafungi Diwali wala hatoi bonasi. Wa duka la pili wamepewa. Si haki yangu?
*Muuzaji, Kikuubo*

Dada, Mhindi na Mhindu ni maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Bosi wako anaweza kuwa Ismailia au Bohora, ambao ni Waislamu, au Mgoa, na wengi wao ni Wakatoliki. Wajaini huadhimisha siku hiyo hiyo kwa kukumbuka ukombozi wa Mahavira, mwalimu wao mkuu, na Masingasinga kwa kukumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind, kiongozi wao wa dini, kutoka ngome ya Gwalior. Neno Baniani tuliache kwenye methali za zamani. Wengi wanaoitwa hivyo linawauma.

Bonasi ya Diwali ni desturi, si sheria, isipokuwa imeandikwa kwenye mkataba wako. Diwali pia si sikukuu ya taifa Uganda. Kilicho haki yako chini ya Sheria ya Ajira ya 2006 ni likizo ya malipo ya siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi. Hiyo idai bila woga.

Wakazi wananilalamikia kelele za fataki. Barua yangu inatosha kuruhusu au kukataza?
*Mwenyekiti wa LC1, Kampala*

Haitoshi, mheshimiwa. Kurusha fataki kunahitaji kibali cha Polisi, na barua ya LC haichukui nafasi yake. Unachoweza kufanya ni kuuliza kibali kionyeshwe, na kuomba wenyeji wawaambie majirani saa kamili siku mbili kabla, ili wenye wachanga, wagonjwa na mbwa wajiandae.

Vijiti vya cheche vinavyoshikwa na watoto watu huvidharau, na joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mtoto avae pamba, si nailoni, anyooshe mkono, na kila kijiti kilichokwisha kitumbukizwe kwenye ndoo ya maji au mchanga, kwani waya hubaki wa moto muda mrefu baada ya mwanga kuisha. Kisichowaka kisiwashwe mara ya pili.

Zamani barabara yetu yote iliwaka taa usiku wa Diwali. Siku hizi kimya. Kwa nini?
*Mzee, Tororo*

Mzee, unajua jibu la kwanza. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Muda uliisha 8 Novemba, na Diwali ya mwaka ule iliangukia tarehe 5. Nyumba ambazo zingewasha taa zilikuwa zimefungwa, au wenyewe walikuwa wanafunga masanduku. Baada ya 1986 baadhi walirudi na wengine wapya wakaja, lakini wengi walikaa Kampala na Jinja, tena kwenye magorofa ambako taa za moto haziruhusiwi kwenye korido, na sherehe ikahamia hekaluni. Siku ya mwaka mpya mahekalu ya Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hupanga annakut, mlima wa vyakula mbele ya sanamu, na mgeni hupokelewa. Vua viatu, na usifike na tumbaku mfukoni.

Baada ya sherehe maua, mchele na maji ya ibada tuyapeleke Nile? Hatutaki kuvitupa takatakani.
*Familia, Njeru*

Hamlazimiki. Kuzamisha sanamu majini ni desturi ya Ganesh Chaturthi, sikukuu ya mungu Ganesh. Diwali haidai hivyo. Tunajua kwa nini mnaufikiria mto: chanzo cha Nile kilipokea sehemu ya majivu ya Gandhi mwaka 1948, na sanamu yake ipo pale Jinja. Lakini taji za plastiki na sanamu zilizopakwa rangi za dukani hudhuru maji ambayo watu wanakunywa na kuvua samaki.

Maji ya chungu cha ibada mwagieni mti au tulsi, ule mrehani mtakatifu. Maua na majani ya mwembe yafukieni kwenye shina la mgomba, yataoza ndani ya wiki chache. Mchele usio na kumkumu wapeni ndege. Nazi ivunjwe, iliwe. Taa za udongo ziacheni zipoe hadi asubuhi, futeni masizi kwa karatasi kavu, zioshwe kwa maji moto na majivu, zikaushwe na kufungwa kwenye gazeti. Mwakani zitakunywa mafuta kidogo kuliko mpya.